Nati ya Ubavuni

"Fungua pa kujazia kabla ya pa kumwagia." Hayo ndiyo maneno ambayo dada yangu Winfrida amemwambia mwenzenu Alkwini mchana huu, tukiwa bado mezani, kisha akajifunga kitenge akaenda zake kwenye sala za jumuiya bila kueleza. Sasa wajukuu mmenigeukia mimi, mnataka kujua ni wahenga gani walioyatunga. Hakuna wahenga. Methali hii ilianza na ujinga wangu mwenyewe, hapa hapa Mbinga, nyuma ya nyumba hii, na ilikuwa hivi.

Wakati huo Winfrida alikuwa muuguzi wa zahanati. Alikuwa na gari kubwa la kubeba watu wanane, la otomatiki, yaani gia zinajibadilisha zenyewe. Hapa kijijini halikuwepo gari jingine la kupanda kilima cha Mkalole wakati wa mvua, na mwaka ule mvua haikujua kukatika. Binti yangu Ludgera alikuwa na mimba iliyotimia, na mtoto alikuwa amekingama tumboni. Daktari wa hospitali ya ng'ambo ya kilima alitaka afike Jumatano asubuhi apasuliwe. "Uchungu ukimkuta huko nyumbani," alituambia, "siwezi kuwaahidi mama wala mtoto."

Basi wiki hiyo hiyo gari likaanza vituko. Likifika mlimani linanguruma tu, halivuti. Winfrida akampigia simu fundi wa Songea, akaambiwa kwamba oili ya giaboksi imechoka na ibadilishwe upesi. Fundi mwenyewe hakuwa na nafasi mpaka Ijumaa. Akamwelekeza namna ya kuifanya kazi hiyo nyumbani, naye akaandika kila neno kwenye daftari, kama alivyozoea kuandika dozi za wagonjwa.

Jumanne asubuhi tulilisimamisha gari juu ya shimo refu nililokuwa nimechimba kwa ajili ya maganda ya kahawa, magurudumu huku na huku, mtu aweze kuingia chini yake. Winfrida akaniambia, "Naenda mjini kuchukua oili. Usiguse kitu mpaka nirudi."

Mimi nisiguse kitu? Nilikuwa nimeendesha lori la ushirika miaka kumi na tisa. Niliona haya kusomewa daftari na dada yangu kuhusu nati. Alipopotea tu kwenye kona nikaingia shimoni, nikafungua nati ya chini, pa kumwagia. Oili ikashuka nyeusi, inanuka kama maharage yaliyoungua, na mimi nikajiona bingwa. Kisha nikaigeukia nati ya ubavuni, pa kujazia. Ikakataa. Nikasukuma, nikavuta, nikawaita watakatifu wote wa parokia. Kutu ilikuwa imeishika, na spana ikaanza kuteleza na kula kona za nati.

Hapo ndipo akili iliponijia, nayo ilichelewa. Oili ya zamani ilikuwa kwenye beseni, na mpya haikuwa na mlango wa kuingilia. Gari lililokuwa linakwenda kwa kusuasua sasa lisingesogea hata hatua moja. Ludgera alikuwa amekaa barazani, mkono tumboni, ananitazama. Wajukuu zangu, niliogopa siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Winfrida akarudi na makopo ya oili, akachungulia shimoni.

"Nati ya ubavuni umeifungua?"

"Imegoma, dada."

"Na ya chini?"

Beseni likamjibu.

Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alifungua daftari akanionyesha maneno ya kwanza kabisa, ameyapigia mistari miwili. "Fundi alianza na hili. Fungua pa kujazia kabla ya pa kumwagia. Pa kujazia pakigoma, unabaki na oili chakavu, lakini bado una gari."

"Nipe nyundo na tindo niing'oe."

"Ukiivunja kichwa hiyo nati, mdogo wangu, kesho Ludgera anapanda Mkalole kwa miguu. Kachemshe maji."

"Maji ya nini?"

"Kifuniko cha chupa ya asali kikiganda unakifanyaje? Unakipiga nyundo?"

Nikaenda kuchemsha maji. Winfrida akaingia shimoni, akalowesha matambara, akayabandika kuizunguka nati, si juu yake, ili chuma kilichoishika kitanuke kiiachie. Yakipoa anabandika mengine. Alifanya hivyo mara tano, mikono ikamwiva. Kisha akapachika spana nyingine, iliyoikaa nati vizuri, akachomeka mpini wake kwenye kipande cha bomba la maji ili upate urefu.

"Ingia na wewe," akasema. "Leo hicho kitambi kitafanya kazi."

Nikaning'inia kwenye bomba kwa uzito wangu wote. Pakalia, "Ta." Nikafumba macho, nikajua nimeivunja.

Winfrida akapapasa kwa kidole. "Imezunguka," akasema. "Vuta tena."

Nati ikatoka. Niliibusu ile nati, na grisi yake yote, wala sioni aibu kusema.

Tukafunga ya chini. Oili iliyotoka ilikuwa imejaza chupa sita na nusu, kwa hiyo tukatia mpya kwa mpira na faneli, chupa sita na nusu. Halafu injini ikiwa inaunguruma, Winfrida, mguu kwenye breki, akaupitisha mkono wa gia kila mahali polepole, nami nikaongeza kidogo kidogo mpaka oili ikaanza kudondoka pale pa kujazia, kisha nikapafunga, kama daftari lilivyosema.

Jumatano alfajiri tuliukabili Mkalole. Matope yalifika nusu ya magurudumu. Gia ya kwanza ikashika, ya pili ikaingia bila hata kustua mtu, na gari likapanda. Tulipofika kileleni Ludgera akaanza kuimba, sisi tukaitikia, na tukaingia hospitali tukiwa wa kwanza. Saa nne nesi akatoka na mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, anayelia kama anadai shamba lake. Winfrida akapiga vigelegele mpaka wagonjwa wa wodi ya pili wakaitikia.

Ludgera aliisimulia habari hii kila alipokwenda kisimani, na maneno ya daftari yakawa ya kijiji kizima. Anayetaka kung'oa mibuni kabla ya kupata miche ataambiwa hayo, na anayebomoa nyumba kabla ya kufyatua matofali pia.

Mtoto yule, Alkwini, ni wewe. Na leo umekuja mezani na barua ya kuacha kazi mkononi, kazi nyingine hujaipata. Irudishe mfukoni kwanza, mjukuu wangu. Katafute. Siku ukiahidiwa kazi kwa maandishi, nitakupeleka mwenyewe ukaikabidhi barua hiyo, na bibi yako Winfrida atapiga vigelegele vingine. Umenielewa sasa: fungua pa kujazia kabla ya pa kumwagia.