Nyuma ya Jabali Lile

"Ukimfupishia mtoto njia, ataitembea peke yake." Mmeisikia leo kwa Mama Zefania, alipokuwa akimgombeza mwanawe anayembembeleza mjukuu kwa soda ambayo haipo, mkacheka, mkauliza soda na njia wapi na wapi. Kaeni vizuri. Na wewe unayechezea simu, iweke chini. Methali hii ilianza hivi.

Msengi alikuwa mtu wa Iramba aliyehamia Dodoma kwa kazi. Mkewe aliitwa Eliwaza, na walikuwa na watoto wawili: Penieli wa miaka sita na Yona, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametimiza mitatu. Likizo ya Pasaka ilipofika, Msengi akalitia gari lake mafuta, akawapakia wote kwenda kwa mama yake mzazi, ambaye hakuwa amemtia Yona machoni tangu azaliwe. Bibi alikwisha kupiga simu kusema jogoo amefungwa kamba. Penieli alipewa kazi moja, kuupakata mkate wa bibi. "Utampa kwa mikono miwili," mama yake alimwambia, na mtoto akaukumbatia tangu mlangoni, akakataa hata kuuweka kwenye kiti.

Sasa, anayesema safari ni raha hajasafiri na watoto. Yona alitaka maji. Alipopewa maji, alitaka kukojoa. Aliposhushwa kukojoa, mkojo ulikataa, akarudishwa garini, na gari lilipoanza tu kushika mwendo mkojo ukakubali. Penieli naye alikuwa na swali moja tu: "Baba, tumefika?" Mwanzoni Msengi alimjibu kama ilivyo, kwamba bado ni mbali. Lakini kila alipojibu hivyo kililipuka kilio, na mdogo alimfuata dada yake kwa kilio bila hata kujua wanachokililia. Ukweli una kelele zake, na Msengi hakupenda kelele.

Walipoipita Ikungi, majabali ya Singida yakaanza kujitokeza, na Msengi akaona dawa. "Unaliona jabali lile?" akamwambia Penieli. "Kwa bibi ni nyuma yake." Gari likatulia. Walipolipita jabali na bibi asionekane, akasema, "Siyo hilo, ni lile pale." Likapita la pili, likaja la tatu.

"Baba Peni, waambie ukweli tu," Eliwaza akasema. "Huyu anakusikiliza kuliko unavyodhani."

"Ni watoto. Watasahau."

Hawakufika mbali wakapata pancha. Msengi akatoa jeki, akainama kupambana na nati zilizogoma, jasho likimwingia machoni. Eliwaza akawaketisha watoto kwenye kivuli karibu na baba yao, akarudi nyuma kukata matawi ya kutandaza barabarani, malori yajue mbele kuna gari bovu. Kila mmoja akafanya kazi yake akiamini kwamba macho ya mwenzake yako kwa watoto.

Na pale kivulini jabali lilionekana wazi, ng'ambo ya shamba la alizeti. Penieli alilitazama. Kama bibi yuko pale nyuma, tairi la kazi gani? Akamshika mdogo wake mkono, mkate kwapani, wakaingia shambani.

Eliwaza aliporudi, mikono ikimwasha kwa miba, alikuta kivuli kitupu. "Watoto wako wapi?"

"Si uko nao?"

Wakatazamana. Msengi akageuza shingo akaliona jabali, na spana ikamtoka mkononi. "Kaa hapa barabarani wasije wakarudi wakakukosa," akamwambia mkewe, tayari yuko mbioni.

Alizeti za mwaka ule zilimpita kimo mtu mzima, sembuse mtoto. Msengi alikimbia akizigawanya kwa mikono, akiita majina yao, na hakuitikiwa. Alipolizunguka jabali hakuona nyumba wala moshi. Aliona lambo lililojaa maji ya mvua, maji ya udongo yasiyoonyesha kitu, na ukingoni mwake kandambili moja ndogo ya Yona.

Hakuita tena. Aliingia majini na viatu vyake, akainama akipapasa matopeni kwa mikono miwili, huku akiogopa kushika kitu chochote. Hakuwahi kuogopa hivyo, wala hakuwahi kuogopa hivyo tena maisha yake yote.

Ndipo akasikia kilio cha Yona kutoka ng'ambo ya lambo, ndani ya alizeti, na sauti ya Penieli ikimtuliza. Mtoto alikuwa ameifanya nzito, akitamka polepole kama mtu mzima mwenye uhakika.

"Nyamaza, Yona. Siyo lile, ni lile pale. Kwa bibi ni nyuma ya jabali lile."

Na Yona, ambaye hakuwa na sababu ya kutomwamini dada yake, akanyamaza, akaendelea kutembea.

Msengi aliyatambua maneno yake mwenyewe. Akatoka majini akikimbia, akawakuta wameshikana mikono, mdogo ana kandambili mguu mmoja, wakielekea jabali jingine kule mbali. Akapiga magoti, akawakumbatia, akalia mbele yao bila kuficha.

"Baba, bibi amehama?" Penieli akauliza. "Tumefika kwenye jabali, hayupo."

"Hajahama, mama. Hakuwahi kukaa hapa."

"Si ulisema?"

"Nilisema uongo."

Mtoto akamtazama. "Sasa kwa bibi ni wapi?"

"Mbali. Tutaupita mji wa Singida, tutapanda mlima, na jua litazama hatujafika."

Akasubiri kilio. Penieli alifikiri kidogo, akauhamishia mkate kwapa la pili. "Basi nibebe," akasema. "Miguu inauma."

Eliwaza alipowaona wakitokeza shambani aliketi chini palepale barabarani, juu ya matawi yake. Hakumlaumu mumewe, na Msengi angependa alaumiwe. Njia iliyobaki watoto hawakuuliza tena. Walijua ni mbali, wakalala.

Jua lilikwisha kuzama walipofika. Penieli aliteremka na usingizi wake, akampa bibi mkate kwa mikono miwili, mkate uliokwisha kuwa bapa kama chapati. Bibi akaupokea kwa mikono miwili, akauliza umepatwa na nini, na Msengi akamweleza mama yake yote bila kujitetea.

Mama mtu alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akampakata Yona, akaushika ule mguu uliopoteza kandambili, akaufuta vumbi taratibu kwa ncha ya kanga yake.

"Mwanangu," akasema, "ukimfupishia mtoto njia, ataitembea peke yake."