Misumari Minne ya Nyamizi

Umngojaye mwachie msumari. Hivyo ndivyo mama yenu alivyowafokea asubuhi hii, na haki alikuwa nayo. Kaka yenu Idrisa hata miezi mitatu hajamaliza chuoni Dodoma, nanyi mmekwisha kumjazia kabati lake mikoba na viatu vyenu. Sasa mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, Mwavita, kaa vizuri. Zena, weka simu chini. Mimi simsimulii mtu anayechekea simu. Methali hii haikuletwa na watu wa kale msiowajua. Ilianza hapa hapa Tabora, nyumba ya tatu kutoka hii, na mimi mwenyewe nilikuwepo, tena nina kosa langu ndani yake.

Palikuwa na mama mmoja akiitwa Bi Kalunde. Mumewe alikwisha kufa, na mtoto alikuwa naye mmoja tu, Nyamizi. Mimi nilikuwa jirani yao, ndiyo kwanza nimeolewa na babu yenu. Huyo Bi Kalunde alikuwa fundi wa kupanga nguo. Msicheke! Siku hizo bibi harusi hakupelekwa kwa mumewe na nguo zilizosokomezwa begini kama viazi. Aliitwa Bi Kalunde. Alikuja siku moja kabla, akanawa mikono, akakaa mkekani na kuanza kazi. Khanga alizikunja mara nne, doti kwa doti, maandishi yakitazama nje ili mwenye nguo achague bila kufumua rundo. Mitandio aliiviringisha. Hereni na vikuku viliingia kwenye kopo la biskuti lililotandikwa pamba, na katikati ya nguo alitia vipande vya udi vilivyofungwa kwenye kitambaa. Mtu akigusa kitu kabla hajamaliza, alichapwa mkono, awe nani.

Chumbani kwake alikuwa na kabati la mninga, la milango miwili. Mlango wa kushoto wake, wa kulia wa Nyamizi. Kwa ndani, kwenye mlango wa Nyamizi, seremala alikuwa amepigilia misumari minne ya kutundikia gauni, mtandio, mkoba na shanga.

Nyamizi alipofika miaka kumi na saba akampenda mwanaume wa Mpanda. Mama hakumtaka, akamkanya, binti akang'ang'ania. Siku ya mwisho Bi Kalunde akamwambia, "Haya, nenda. Lakini yakikushinda usije kunililia hapa." Maneno ya hasira tu hayo, mzazi huyasema jioni akayasahau asubuhi. Nyamizi akapanda treni nayo moyoni. Nguo zake za usichana akaziacha kabatini.

Miaka tisa ikapita. Barua zilikuja, salamu zilikuja, mwenyewe hakuja. Kila Alhamisi alasiri Bi Kalunde alifungua mlango wa kulia, akatoa kila kitu cha mwanawe, akakikung'uta, akakifukiza udi, akakikunja upya. Kila Idi alimnunulia Nyamizi doti ya khanga na kuiweka juu ya nyingine. Siku moja nilimkuta ameegemeza uso kwenye sketi ya shule. "Harufu yake imekwisha, Tunu," akaniambia. "Imebaki ya udi tu." Akalia, na mimi nikalia naye.

Nikamshauri, "Bi Kalunde, si uzigawe hizi? Nyamizi sasa mtu mzima. Sketi ya shule ataivaa wapi?"

"Wee mtoto, koma!" akaruka. "Nguo za mtu hutolewa kabatini akifa, arobaini ikipita. Mwanangu yu hai. Unataka nimchurie?"

Na kweli, ndivyo tulivyoamini sote mtaani. Kabati la mtu aliye mbali likionekana tupu, watu huuliza matanga yalikuwa lini.

Mwaka wa tisa, Jumatatu moja, tukamwona Nyamizi anashuka kwenye baiskeli ya kukodi, begi moja mkononi. Bi Kalunde alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Alichinja kuku, akapika wali, akakaa anamtazama mwanawe anavyokula. Hakumwuliza kitu. Alijiambia, huyu ana mume wake, amekuja kunisalimu, nikimchosha kwa maswali hatarudi tena.

Nyamizi naye hakusema kitu. Kumbe alikuwa ameachwa. Talaka aliiweka chini kabisa ya begi, na alikuja kukaa. Lakini angeanzaje, na alikwisha kuambiwa asije kulia? Akaona heri atundike nguo zake kabatini. Mama akiona atauliza, na akiuliza atamweleza yote. Haya nilikuja kuyasikia kwake mwenyewe.

Basi akafungua mlango wa kulia. Lo! Hata pa kupitisha mkono hapakuwepo. Doti za khanga kutoka chini hadi juu, sketi za shule, magauni ya kisichana, kopo la biskuti limejaa, na misumari yote minne imevishwa. Akajaribu kusogeza rundo moja apate pa kuweka magauni yake matatu. Bi Kalunde akamdaka mkono.

"Aka! Usinivurugie, mwanangu. Lete hapa."

Akayakunja yale magauni kwa ufundi wake wote, akayarudisha ndani ya begi, akavuta zipu, akaliweka begi juu ya kigoda karibu na mlango.

"Zikae hapo tayari," akasema, "siku ya safari usihangaike."

"Safari lini, mama?"

"Si unajua mwenyewe? Mume hasubirishwi."

Nyamizi akalitazama begi lake pale mlangoni. Kwetu sisi mgeni akifungiwa begi na kuwekewa mlangoni, haambiwi zaidi. Na masikini Bi Kalunde, moyoni alikuwa anaomba ajibiwe, "Siendi, mama." Alisema vile kwa sababu aliogopa kuonekana anamng'ang'ania mke wa mtu. Wanawake wawili ndani ya chumba kimoja, kila mmoja anamtaka mwenzake, na hakuna aliyefungua kinywa.

Siku ya tatu Nyamizi akaaga. Mama alimfungia karanga na maandazi, akasema miguu inamuuma, nimsindikize mimi. Uongo huo. Hakutaka kulia mbele ya watu stesheni.

Treni ilipokaribia Nyamizi akanishika mkono. "Tunu, siendi Mpanda. Nimeachwa, huu mwezi wa pili. Nashuka Kaliua, kuna shoga yangu ana mgahawa, nitaosha vyombo."

"Yarabi! Na mama hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Nilikuja kukaa, shoga. Nyumba nzima ya mama hakuna msumari hata mmoja wa kutundika gauni langu."

"Si kabati zima lile ni lako?"

"Lile la Nyamizi wa miaka kumi na saba. Huyo anapendwa, kila Alhamisi anafukiziwa udi. Mimi nimefungiwa begi."

Akaniapisha nisiseme, nikaapa. Hapo ndipo penye kosa langu. Miezi minane nilimwona yule mama anafukiza na kukunja, anafukiza na kukunja, ananiambia, "Sijui kama mume wake anamlisha vizuri," nami natazama chini kama mwizi. Nilijiona mwaminifu. Mjinga mkubwa nilikuwa!

Idi ikaja. Bi Kalunde akanunua doti nyingine, akaniita nimsaidie. Alikuwa ameisukuma ndani kwa goti, na sasa mlango haufungi.

"Egemea, Tunu, nizungushe ufunguo."

Nikaegemea. Mlango ukagoma. Tukaegemea wote wawili, tunahema, jasho linatutoka.

"Hakuna neno," akasema. "Nitamchongeshea Nyamizi kabati jingine."

Nikashindwa kuvumilia. "Bi Kalunde, Nyamizi hataki kabati jingine. Anataka msumari."

"Msumari gani?"

Nikamweleza yote, la talaka, la Kaliua, la begi. Alisikiliza amesimama, ufunguo mkononi.

"Miezi minane anaosha vyombo vya watu?"

"Ndiyo, mama."

"Na begi nililifunga mimi."

"Hukujua, mama."

"Nililifunga mimi, Tunu. Tena kwa ufundi."

Hakunifokea. Afadhali angenipiga. Akanivuta kando, akauachia mlango ukafunguka wenyewe, na nguo nyingine zikamwagika chini. Akaanza kutoa. Alitoa khanga, akatoa magauni, akatoa mkoba na shanga kwenye misumari.

Nikashtuka. "Bi Kalunde, utamchuria mwanao!"

"Nimchurie mara ngapi?" akasema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka. "Miaka tisa nimekaa matanga ya mtu aliye hai. Alipokuja mwenyewe kwa miguu yake, nikamtoa mlangoni."

Siku ile kila msichana wa mtaa huu alipata kitu. Ile sketi ya shule ndiyo iliyomshinda. Aliitoa, akairudisha, akaitoa tena. Mwisho akanikabidhi mimi, akageukia ukuta. "Peleka upesi," akasema, "kabla sijakunyang'anya."

Kesho yake akanituma Kaliua. "Usimbembeleze," akaniagiza, "wala usimwambie kwamba nalia. Mwambie tu misumari minne iko mitupu." Nikafika, nikamkuta Nyamizi nyuma ya mgahawa, mikono yake imo kwenye povu. Nikamwambia. Akaacha kuosha, akafuta mikono. "Nimesikia," akasema. Basi, hilo tu. Nikarudi na neno moja, na Bi Kalunde akaniuliza mara ishirini alilisema kwa sauti gani.

Tukangoja. Wanangu, kungoja kule kulikuwa kugumu kuliko kule kwa miaka tisa, maana sasa mikono ya Bi Kalunde haikuwa na kazi. Alhamisi ilipofika alifungua mlango wa kulia, akafuta vumbi kwenye rafu tupu, akafunga, akakaa. Siku moja kwa mazoea alitundika mtandio wake mwenyewe kwenye msumari wa juu. Akaushtukia, akauondoa mbio, akaufuta ule msumari kwa ncha ya khanga. Na watu je? Watu hawana dogo. Mwanamke mmoja alikuja kuazima chungio, akachungulia, akashika kifua. "Jamani, Bi Kalunde, kwani Nyamizi ametutoka?"

"Yu njiani," Bi Kalunde akajibu. Yule alipoondoka, Bi Kalunde akanishika mkono. Aliogopa kwamba labda ni kweli amemchuria mtoto wake. Aliogopa kila siku, na nafasi ile hakuijaza.

Mwezi wa tano wa kungoja, saa sita mchana, tulikuwa ukumbini tunabangua karanga. Nyamizi akaingia na begi lile lile. Akatuamkia. Hakukaa, akapita moja kwa moja chumbani. Tukasikia mlango wa kabati unalia. Bi Kalunde aliushika ungo kwa mikono miwili, na midomo yake ilikuwa inacheza, sijui alikuwa anaomba au anahesabu.

Kisha tukasikia zipu.

Tulikwenda pole pole, tukasimama mlangoni. Nyamizi alikuwa ametupia nguo zake humo kama mtu anayekimbia mvua. Gauni limening'inia kwa bega moja, mtandio umefinyangwa kwenye rafu, khanga maandishi yanatazama ndani, kiatu kimoja juu na kimoja chini. Nikamtazama Bi Kalunde. Vidole vyake vilikuwa vinajikunja vyenyewe. Mwanamke aliyechapa mikono ya mabibi harusi!

Nyamizi akageuka, akaona aibu. "Mama, nimezitupa ovyo. Njoo basi unikunjie."

Bi Kalunde akakaa kitandani, mikono akaiweka mapajani.

"Ziache," akasema. "Ziache hivyo hivyo, mwanangu, nizitazame."

Tangu siku hiyo, kila mama mwenye mtoto wa mbali akimwita aje kumpangia chumba cha mwanawe, Bi Kalunde alikataa kugusa nguo kabla hajaambiwa kilichoachwa wazi ni kipi. Na kama hakuna kilichoachwa, alivaa viatu vyake akarudi nyumbani, akiwa amewaambia neno moja tu: umngojaye mwachie msumari.