Bi Lubaba na Nauli ya Watu Wawili

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, ya kuwa katika mji wa Dhatul-Athli, ulipoanzia msafara wa mahujaji, aliishi mpima mizani aliyeitwa Shekhe Mundhir bin Asbagh. Miaka thelathini alipima tende na nafaka sokoni, na haikusikika hata siku moja kwamba ratili yake imepunjwa. Alikuwa mtu wa ibada, mwenye sijda ndefu na maneno machache. Ila moja alikuwa nayo, na yeye hakuihesabu kuwa ila: alikuwa mtu wa kushuku. Sokoni alikwisha ona tende zilizolowekwa maji ili zizidi uzito, na mawe yaliyozikwa chini ya ngano. Basi kila kilichomjia alikikodolea macho, akakinusa, akakigeuza, ndipo akakiamini. Shuku hiyo mwenyewe aliiita ucha Mungu.

Mwenye ngamia wa msafara alikuwa tajiri mmoja, Amiri Harthama. Kila ngamia wake alibeba matenga mawili ya ukindu, moja ubavu wa kulia na moja wa kushoto, na kila tenga lilikaa abiria mmoja. Ni lazima wawili hao walingane, la sivyo tandiko hupinduka na mtu huvunjika mgongo jangwani. Abiria mzito akikosa wa kulingana naye, upande wa pili hupakiwa magunia ya mchanga mpaka tandiko litulie. Hapo ndipo Amiri alipoweka kanuni yake: mtu wa namna hiyo amekula nafasi mbili, basi na alipe nauli mbili. Na ili pasitokee wa kusema ameonewa, akamwajiri Shekhe Mundhir awapime mahujaji mbele ya watu. Ujira wake haukuwa dirhamu. Waliagana kwamba akipima misimu sita, msimu wa saba atapelekwa Makka bure.

Huu ulikuwa msimu wa saba.

Asubuhi hiyo mizani mikubwa ilitundikwa uwanjani, na mahujaji wakapanga mstari. Wakaja dada wawili wajane. Mkubwa, Bi Safana, alikuwa mwembamba kama ufito na macho yake yamekwisha ingia ukungu. Alitembea kashika bega la mdogo wake. Mdogo, Bi Lubaba, alikuwa mwokaji wa mikate, mwanamke mnene wa mwili, mpana wa mabega, mwenye kutembea polepole. Walikuwa wameweka akiba miaka kumi na moja, na kwenye kifurushi chao mlikuwa na nauli mbili kamili.

Bi Lubaba alipokaa kwenye sahani ya mizani, kamba zililia. Mundhir akaongeza jiwe, akaongeza la pili, akaongeza la tatu. Nyuma kwenye mstari, muuza viatu aliyeitwa Abu Ghailani hakuweza kuuzuia ulimi wake.

"Jamani, mtazameni ngamia wa watu! Keshaanza kutamka shahada!"

Watu wakacheka. Bi Lubaba akageuza kichwa taratibu. "Afadhali yeye kaikumbuka. Wewe ulimi wako umeshughulika na kiuno changu."

Wakacheka zaidi, na safari hii si yeye aliyechekwa.

Mundhir hakucheka. Aliyatazama mawe, akamtazama mjane, na moyo wake ukamtia wasiwasi. Tangu alfajiri alikuwa amemwona mwanamke huyu akipewa tende na maji naye akivirudisha, akisema amefunga. Amefunga! Mfungaji gani huyu, mwenye mwili ule? Mpima mizani akajiambia kwamba panapo uongo mmoja hapakosi wa pili. Huenda amejifunga kitu chini ya baibui: dhahabu, au bidhaa anayotaka kuipitisha Makka bila ya nauli.

"Amiri," alisema, "uzito huu siuamini. Apekuliwe."

Bi Lubaba alishuka kwenye sahani, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nani kasema nipekuliwe?"

"Mimi," akajibu Mundhir.

"Umeniona nikiiba?"

"Sijaona. Ndiyo maana nataka kuona."

"Haya. Nipekueni. Lakini kumbuka, Shekhe, ni wewe uliyetaka."

Akaitwa Bi Ghazala, mpishi wa msafara, mwanamke mtu mzima. Likatandazwa shuka, wakaingia nyuma yake. Mahujaji walisubiri, kila mmoja akitazama kwingine, maana hapakuwa na aliyependa kuonekana anasubiri. Bi Safana peke yake ndiye aliyesema, akielekeza uso wake usioona kule ilikotoka sauti ya Mundhir.

"Nimekula naye sinia moja miaka hamsini, ewe mpima watu. Mlafi ni mimi. Yeye Jumatatu hali, Alhamisi hali, na siku anayokula hunimegea mimi. Mungu kaumba hivi, kaumba vile. Ungeniuliza mimi, ungeokoa shuka ya watu."

Bi Ghazala akatoka, macho kayainamisha. "Hana kitu, Shekhe. Hana ila mwili aliopewa na Mola wake. Na tafadhali, kazi kama hii usiniite tena."

Mundhir aliona aibu, lakini ilikuwa aibu ya mtu aliyekosea hesabu, si ya mtu aliyekosea mtu. Akainamia mawe yake na kutangaza kwa sauti ile ile ya kila mwaka: "Ni wawili."

"Nauli mbili," akasema Amiri Harthama, akinyoosha mkono. "Na ya dada yako, ya tatu."

Bi Lubaba akaweka kifurushi mapajani. "Nikuulize, Amiri. Dada yangu ni mwepesi kuliko mwanamke yeyote hapa. Atalipa nusu?"

"Atalipa moja, kama kila mtu."

"Yule kijana wa hariri pale, mwembamba, ana masanduku manne. Atalipa ngapi?"

"Masanduku ni mzigo. Mzigo tunasamehe."

"Kumbe mizani yako inajua kupanda, kushuka haijui." Akawageukia watu. "Na sanduku husamehewa, ila mwanamke hasamehewi."

Abu Ghailani akacheka kwa pua, kisha akajiona peke yake, akakoma.

"Mama, usinichoshe," akasema Amiri. "Ngamia ni mali yangu. Nafasi mbili umekula, nauli mbili utalipa."

"Nakubali."

Amiri akashtuka, maana hakulitarajia neno hilo.

"Nakubali," akarudia Bi Lubaba. "Nauli mbili ninazo, hizi hapa. Basi nafasi zote mbili ni zangu: tenga la kulia nikae mimi, la kushoto akae dada yangu. Pale alipopungua mtajalizia mchanga kidogo. Ngamia habebi zaidi ya alichokuwa abebe."

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Upande wa pili ni wa mchanga. Magunia yamekwisha shonwa."

"Amiri, nimekulipa tenga lile. Unataka mchanga uende Makka, dada yangu abaki? Tangu lini mchanga ukahiji?"

"Haiwezekani, nimesema! Lipa tatu, au rudini mkaoke mikate!"

Bi Safana akalishika bega la mdogo wake kwa nguvu. "Nenda wewe, Lubaba. Mimi nikibaki nitakuombea."

"Niende nimwache nani akuongoze msalani? Tumeanza wawili. Tukirudi, tutarudi wawili. Inna lillahi." Bi Lubaba akaanza kulikaza fundo la kifurushi. Hakulia, wala hakuapiza.

Sasa, Shekhe Mundhir alikuwa amesimama pale pale kando ya mizani, na hesabu ya mjane ikawa inamzunguka kichwani. Dada na mchanga kidogo, au mchanga mtupu: uzito ni ule ule. Hesabu hiyo mtoto wa madrasa anaiweza. Ikiwa ngamia hazidishiwi hata ratili moja, na nauli ya tenga imelipwa, mbona mtu ang'ang'anie mchanga kama urithi wa babaye? Mchanga ambao uko kila mahali, unaokanyagwa na punda?

Kisha likamjia neno lingine. Yamekwisha shonwa. Nani hushona gunia la mchanga? Mchanga hufungwa kwa kipande cha kamba, upate kumwagwa au kuongezwa njiani. Akageuka, kwa mara ya kwanza katika misimu saba, akayatazama magunia yaliyopangwa nyuma ya hema la Amiri. Yalikuwa yameshonwa kwa uzi wa nta, mishono miwili miwili. Na yalikuwa makubwa mno. Gunia la mchanga la ukubwa ule lisingeinuliwa na watu wanne, na wachukuzi walikuwa wakilibeba mmoja mmoja huku wakipiga soga.

Mundhir alijua kilichokuwa mbele yake. Akinyamaza, ngamia wake wa kwenda Makka alikuwa amekwisha tandikwa. Miaka sita aliwatamkia watu "ni wawili" ili ampate ngamia yule.

Akatia mkono kwenye mshipi wake akatoa bambo, kile chuma chembamba chenye mfereji ambacho wapima mizani hukichoma katika gunia wakatoa punje chache bila ya kulifungua.

"Shekhe, wafanya nini?" Amiri akauliza.

"Nimemshuku mwanamke, nikataka apekuliwe. Naogopa nisipoyapekua na magunia nitaonekana mtu wa dhuluma."

"Wewe umeajiriwa kupima watu!"

"Kweli. Na hiyo ndiyo inayonitisha."

Akalichoma gunia la kwanza. Alipolichomoa bambo, punje nyeusi zilimwagika kiganjani mwake, na harufu ikawafikia hata waliokuwa mwisho wa mstari. Akalichoma la pili, na la tatu. Yote yalikuwa ya pilipili manga, bidhaa iliyouzwa Makka kwa bei ya fedha.

"Ngamia wangu, gunia langu!" Amiri akapiga kelele. "Kosa li wapi?"

"Tenga si lako!" Aliyejibu alikuwa Abu Ghailani, yule yule wa mzaha. "Tenga umemwuzia mama wa watu. Umemwuzia, kisha umepakia humo pilipili yako! Mimi mwaka wa tano simpeleki mama yangu Hijja, maana naambiwa na yeye ni wawili!"

Watu wakaghadhibika, wakakaa chini kwenye vumbi, wakasema hakuna atakayepanda mpaka magunia yashuke. Amiri alitukana, akabembeleza, akaapa. Lakini mwenye ngamia asiye na abiria ni mchunga mifugo tu, na wakati wa Hijja haumngoji mtu. Adhuhuri haijaadhiniwa, magunia yalikuwa chini. Bi Safana alikaa tenga la kushoto, na ili alingane na mdogo wake wakamwekea viriba vya maji ya msafara mzima.

Amiri Harthama alibaki na neno moja la mwisho, akampa Mundhir. "Wewe hupandi ngamia wangu."

"Najua," akasema Mundhir.

Kisha akapanda juu ya jiwe akawaambia watu: "Enyi mahujaji, shuhudieni. Misimu sita kabla ya huu, kila niliyemtangaza kuwa wawili nilimlipisha nauli ya pilipili. Wako waliorudi makwao wakilia kwa neno langu. Mawe yangu hayakusema uongo. Mimi ndiye niliyeacha kuuliza, kwa sababu asiyeuliza alikuwa ameahidiwa ngamia."

Akashuka, akaenda alipokaa Bi Lubaba ndani ya tenga, ngamia angali amepiga magoti.

"Mama, nakuomba radhi. Nimekudhania vibaya, nami nimekuvunjia heshima mbele ya watu."

Bi Lubaba akamgeukia. "Kunipima nimekusamehe, ndiyo kazi yako. Na kunipekua nimekusamehe, kwa kuwa naenda kwenye Nyumba ambayo sitaki kuingia na kinyongo. Lakini nina swali, Shekhe. Mimi umeniona leo asubuhi tu. Magunia yale umekaa nayo miaka saba. Mbona ulianza na mimi?"

Ngamia akainuka, matenga yakayumba mara moja yakatulia sawasawa, na dada wawili wakaenda zao.

Inasemekana Shekhe Mundhir aliitumia miaka iliyobakia kuwatafuta, mji kwa mji, watu aliokuwa amewatangaza kuwa wawili, akiwaomba radhi mlangoni mwao. Wapo waliomsamehe, na wapo waliomfungia mlango, naye akasubiri nje. Makka aliifikia mzee sana, kwa miguu.

Ndugu zangu, tumekatazwa dhana mbaya, na hilo sote tumelisoma. Lakini hebu tuangalie dhana zetu huanzia wapi. Huanzia kwa yule ambaye mwili wake unaonekana na kila mtu, tukamwuliza anakula nini, anaficha nini, alipe ngapi kwa nafasi aliyopewa na Mola wake. Aliyeshona gunia kwa uzi wa nta tunampitia na salamu. Hata leo, siku ukimsikia mwenye chombo cha safari akisema mnene alipe zaidi kwa kuwa ndiyo haki ya mizani, usigombane naye juu ya mizani. Mwulize kwa upole kama mwembamba atarudishiwa, na upande wa pili amepakia nini. Mola atujaalie macho ya kuona magunia, na staha ya kutowapekua waja wake. Amin.