Zamu ya Maji ya Mzee wa Kanisa

Wapendwa, huko mlimani, kwenye vijiji vinavyonywesha mashamba kwa maji ya mfereji, aliishi mzee mmoja wa kanisa. Jina lake mniachie mimi. Alikuwa mtu wa kazi, msinielewe vibaya, ukimpa jukumu, hapumziki mpaka liishe. Sasa mchungaji wao, ambaye alikuwa mgeni na hajamaliza hata miezi miwili pale, akamwambia, "Mzee, Alhamisi Kuu wewe ndiye utakayewaosha miguu watu kumi na wawili." Mzee akafurahi kweli kweli.

Jumapili akasimama kutoa matangazo. "Mliochaguliwa, tafadhali mje mmeshaoga, na miguu muisugue vizuri. Tutakuwa na wageni."

Mnacheka? Na ninyi mngesema hivyo hivyo. Nani anataka beseni la maji meusi mbele ya wageni?

Basi, shida ikaja. Zamu yake ya maji iliangukia Alhamisi hiyo hiyo, saa nane mchana, na ibada ilikuwa saa tisa. Masika yalikuwa yamechelewa, na mahindi aliyoyapanda Januari ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Mfereji nao una sheria zake: usipokuwepo kwenye zamu yako, maji yanaenda kwa mwingine, na wewe unasubiri wiki mbili. Mahindi yale yasingefika wiki mbili. Na hicho ndicho kilikuwa chakula cha nyumba yake mwaka mzima, hapakuwa na kingine.

Mkewe alikuwa na goti limevimba, watoto wako mjini. Akamwambia, "Baba Anaeli, si umwombe mdogo wako? Shamba lake limepakana na letu."

"Yule simwombi. Nitamwomba Mungu atume mtu."

"Haya. Na jembe la huyo mtu niliweke wapi, mlangoni au nyuma ya nyumba?"

Mzee na mdogo wake walikuwa na miaka mitatu hawasemeshani. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mistari miwili tu ya mahindi, pale mpakani penye masale, ile mimea ya kutenganisha mashamba. Mzee alisema masale yako pale pale alipoyapanda baba yao. Mdogo wake alisema yamesogezwa. Na moyoni mwake mzee alimjua vizuri aliyeyasogeza.

Alhamisi ikafika, na saa nane juu ya alama mzee akaingia chumbani, akapiga magoti, akaomba. Aliombea mvua, akawaombea wageni na safari yao, akaomba mtu wa kumfungulia maji, na machozi yakamtoka. Habari ya masale hakuigusa. Kisha akavaa, akachukua taulo lake jipya, akaenda kanisani.

Ibada ikaanza. Kumbe mmoja wa wale kumi na wawili alikuwa amelala na malaria, kiti cha mwisho kiko wazi. Mchungaji akatazama mlangoni, akamwona mwanamume amesimama nyuma kabisa, suruali ameikunja, matope mpaka juu ya vifundo vya miguu. Akamwita aje akae. Masikini mchungaji, mambo ya ukoo ule angeyajulia wapi? Aliyemwita ni mdogo wake mzee.

Mzee akaosha watu kumi na mmoja ambao miguu yao ilikuwa safi kuliko beseni lenyewe. Akafika kwenye kiti cha mwisho. Akapiga magoti, akanong'ona kwa hasira, "Tangazo hukulisikia?"

"Nililisikia, kaka. Ila nimetoka shambani kwako. Saa nane niliona hujafika, nikakufungulia maji. Ningepita nyumbani kunawa ningechelewa ibada. Lakini mahindi yamekunywa yote."

Mzee akabaki ameushika ule mguu. "Yote? Hata ile mistari miwili ya mpakani?"

"Kwani mahindi yale yana kosa gani, kaka?"

Maji yakawa meusi. Wageni wakaona, na mzee wala hakujali. Alilia mbele za watu bila kujificha, kisha akasema kwa sauti iliyofika viti vya nyuma, "Masale niliyasogeza mimi."

Mdogo wake akamwekea mkono begani. "Najua, kaka. Malizia na huo mwingine, watu wanasubiri."

Ndugu zangu, niwaulize. Maombi ya yule mzee yalijibiwa lini? Yalijibiwa saa nane ile ile aliyoomba, na jibu likaja kwa miguu mpaka kanisani, naye akalikasirikia kwa sababu lilikuwa na matope. Siku hiyo mhudumu alikuwa nani, aliyeshika taulo au aliyeshika jembe?

Sisi tunapenda kuhudumia watu waliokwisha kunawa. Mgonjwa asiyenuka, tunamtembelea. Mhitaji anayejua kushukuru, tunampelekea unga. Tena tunaomba, na tunaomba kwa bidii, ila tunamwekea Mungu orodha ya watu asiowatuma. Bwana wetu alipochukua beseni, miguu aliyoikuta ilikuwa na vumbi la njia nzima, na hata ya yule aliyekuwa anakwenda kumsaliti aliiosha. Hakutoa tangazo kwanza.

Sasa tutasimama tuombe. Lakini kama yupo mtu ambaye jina lake limekuwa likikusumbua tangu nianze kusema, na labda amekaa humu humu ndani, usiningoje mimi niseme amina. Ondoka hapo ulipo, umfuate. Sisi tutafumba macho.