Nguchiro na Kiboko Aliyejibu Barua Zote

Nimekuja na ngano.
— Ipe kiti, ikae.
Imetoka mbali.
— Ipe maji, inywe.
Ikishakunywa itasema.
— Nasi tutanyamaza.

Basi, palikuwa na bwawa, na bwawa lilikuwa na ofisi. Kazi ya ofisi ilikuwa moja: kupanga zamu za kunywa maji wakati wa kiangazi. Mkuu wa ofisi alikuwa Kiboko. Karani wa zamu alikuwa Nguchiro, ambaye akisimama wima hafiki goti la Kiboko. Mkurugenzi wao alikuwa Tembo, lakini yeye alikaa makao makuu, kilimani, mwendo wa siku mbili. Tembo hakuja bwawani. Tembo alisoma barua pepe. Kilichoandikwa alikijua. Kisichoandikwa, kwake hakikuwapo.

Bwawa lilikuwa na upande wa mashariki, penye chemchemi, na upande wa magharibi, penye tope. Kila kiangazi Kiboko alilala mashariki kutwa, mgongo umeziba chemchemi. Wanyama wadogo walikunywa tope. Kiangazi kilichotangulia watoto wawili wa Mama Digidigi waliharisha wiki tatu. Mmoja hakupona.

Kwa hiyo mwaka huo kikao kiliitwa mapema. Wote wakaafikiana: alfajiri hadi saa nne asubuhi, chemchemi ni ya wadogo. Kiboko mwenyewe alitikisa kichwa kukubali. Kesho yake alikuwa amelala palepale.

"Mkuu, tulikubaliana," Nguchiro akasema.

"Nani na nani?" Kiboko akauliza. Maji yakabubujika puani mwake: blu, blu, blu.

"Sisi sote, kikaoni. Ulitikisa kichwa."

"Nilikuwa nafukuza inzi."

Nguchiro akaenda kumwandikia Tembo. Hiyo ndiyo barua pepe yake ya kwanza, nami simtetei. Alianza kwa salamu. Akauliza hali ya mkonga. Akashukuru kwa mvua za mwaka juzi. Akaeleza ukoo wa Mama Digidigi hadi bibi wa tatu. Akalalamika, akapumzika, akalalamika tena. Jambo la chemchemi lilikuwa katika aya ya kumi na moja. Penye mada aliandika "Habari". Nakala akawapelekea wanyama wote wa bonde, mia nne na kumi.

Tembo hakujibu. Kiboko alijibu, tena kwa wote mia nne na kumi: "Sawa."

Nyati alipokutana na Nguchiro njiani akamsimamisha. "Bi Karani, kile kitabu chako kina sehemu ya pili, au tuzike hapo?"

Wakubwa wakacheka wiki nzima. Hilo Nguchiro alilivumilia. Kilichomuuma ni maneno ya Mama Digidigi, ambaye hakucheka.

"Dada," alisema, "mimi mwenyewe sikufika mwisho. Na ilikuwa habari ya mwanangu."

Nguchiro aliingia ofisini, akafungua barua zote za miaka mitano, akasoma siku tatu. Alikuwa anatafuta kitu kimoja: Tembo hujibu zipi?

Akaona. Tembo hujibu barua yenye jambo moja. Hujibu barua ambayo mada yake inasema jambo lenyewe. Hujibu barua inayoeleza nani anaombwa nini, na kabla ya siku gani. Barua iliyotumwa kwa kila mtu, Tembo huihesabu kuwa haikutumwa kwake.

Kisha Nguchiro akaangalia majibu ya Kiboko. Yalikuwa mia tisa na sita. Yote yalikuwa neno moja: "Sawa."

Kiboko alikuwa na sababu. Makao makuu yalikuwa yamempa cheti cha kujibu upesi kuliko wakuu wote wa ofisi, naye alikitundika mlangoni. "Kwangu mimi barua hailali," alizoea kusema. "Ikiingia imejibiwa. Bonde zima sina mwenzangu." Simu yake ilikaa juu ya jiwe, kando ya maji. Ikilia, tiling, yeye alinyoosha pua bila kufungua macho, akabonyeza, pwa, na jibu likaenda.

Nguchiro akataka kuhakikisha.

Jumatatu akaandika: "Mada: Ombi la kukalia kiti chako. Mkuu, naomba nikalie kiti chako cha ofisini, nawe ukae sakafuni. Naomba jibu leo."

Tiling. Pwa. "Sawa."

Jumanne akaandika: "Mada: Zamu yako ya kufagia. Mkuu, wiki hii wewe ndiye utakayefagia ofisi, pamoja na uani. Naomba jibu leo."

Tiling. Pwa. "Sawa."

Nguchiro hakukalia kiti, wala hakumpa mtu ufagio. Alizihifadhi tu barua mbili hizo. Jumatano akaandika ya tatu. Hii aliituma kwa Kiboko, na nakala kwa Tembo peke yake.

"Mada: Zamu ya chemchemi kuanzia kesho, Alhamisi. Naomba idhini leo. Mkuu, kikao cha tarehe tano kilikubali kwamba alfajiri hadi saa nne asubuhi chemchemi ni ya wanyama wadogo. Katika saa hizo wewe utakaa upande wa magharibi. Ukiidhinisha, nitatangaza leo jioni. Nguchiro, karani wa zamu."

Mama Digidigi aliisoma akiwa nyuma yake. Safari hii alifika mwisho.

"Umemwambia kila kitu," akasema. "Hukuficha hata neno. Akisoma je?"

"Akisoma, tutakunywa tope."

"Na unaituma hivyo hivyo?"

"Naituma hivyo hivyo. Nikificha neno, Tembo ataniuliza mimi. Nisipoficha, atamuuliza yeye."

Akabonyeza. Wakatega masikio kuelekea bwawani.

Tiling.

Mama Digidigi akafumba macho.

Pwa. "Sawa."

Haikupita nusu saa, Tembo akaandika kutoka kilimani: "Nimeona idhini. Zamu ianze kesho."

Alhamisi alfajiri Kiboko alifika mashariki, akakuta pamejaa. Digidigi walikuwapo, pimbi walikuwapo, kanga walikuwapo na vifaranga vyao. Nyuma ya Kiboko wakasogea Nyati na wakubwa wengine, waone wadogo watakavyotimuliwa.

"Tokeni," Kiboko akasema.

Hakuna aliyetoka. Mikia ilitetemeka, lakini miguu ilibaki pale pale. Nguchiro akaja mbele, akasimama wima kwa miguu ya nyuma.

"Mkuu, saa hizi ni zetu. Uliidhinisha jana, saa nane na dakika mbili mchana."

"Sijaidhinisha kitu."

Nguchiro akamwonyesha simu. Kiboko akasoma. Ilikuwa barua pepe ya kwanza maishani mwake kuisoma hadi jina la mwandishi, na midomo yake ilicheza neno kwa neno. Alipomaliza aliinamisha kichwa hadi kwenye sikio la Nguchiro.

"Hii sikuisoma," akanong'ona. "Namwandikia Tembo sasa hivi kwamba sikuisoma."

"Mwandikie, Mkuu," Nguchiro naye akanong'ona. "Nikusaidie mada? 'Mkuu wa ofisi hasomi barua anazojibu.' Mimi nitaambatisha ile ya kiti na ile ya ufagio. Na nyingine mia tisa na sita, kama atazihitaji."

Puani mwa Kiboko ikatoka blu moja, basi. Aliwatazama Nyati na wenzake waliokuwa wakingoja. Alimtazama Nguchiro, mdogo ambaye yeye Kiboko angeweza kummaliza kwa unyayo mmoja. Lakini barua ilikuwa imekwisha fika kilimani, na kilimani unyayo wake haufiki.

Akainua kichwa.

"Mnashangaa nini?" akasema kwa sauti ya kikao. "Zamu hii niliifikiria mimi. Niliifikiria tangu kiangazi kile. Huyu binti nilimtuma tu aandike, maana vidole vyangu ni vinene."

"Ndivyo, Mkuu," Nguchiro akasema. "Wazo ni lako."

"Nyati, usizibe njia. Twende magharibi."

Wakaenda magharibi. Tope likawapokea: pwata, pwata, pwata.

Mama Digidigi akamsogeza mwanawe hadi maji yanapotokea. "Kunywa taratibu," akamwambia. "Hakuna anayekufukuza." Mtoto akanywa. Akainua uso, akaona mchanga chini ya maji, akauliza ni kitu gani kile, kwa sababu hajawahi kuona chini ya maji anayokunywa.

Nguchiro hakunywa kwanza. Alisimama wima, kifua mbele, toka alfajiri mpaka saa nne, na wanyama wadogo walipita mmoja mmoja mbele yake wakisema: "Bi Karani." Hawakuongeza neno. Naye kila mmoja alimjibu kwa jina.

Kiboko hadi leo huwaambia wageni kwamba ndiye aliyewapa wadogo chemchemi. Wageni humsifu sana.

Kwa hiyo funzo liko wazi. Ukitaka usifiwe kwa wema, usisome barua pepe zako. Jibu upesi, jibu zote, na maneno marefu waachie makarani, kwa kuwa hao hawana kazi.

Ngano imekwisha kusemwa.
— Tumeisikia.
Aliyeipenda aibebe.
— Na asiyeipenda?
Aiache mlangoni, wengine watapita.