Hodi Juu ya Sitaha

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi huitamka methali hii mlangoni huku wakicheka, mkono mmoja ukipokea furushi la mgeni, wala hawaifikirii zaidi ya hapo. Hudhani maana yake ni kwamba mgeni akija chakula huongezwa, na mwenyeji naye akaambulia mnofu. Lakini kupona ni neno zito. Haponi ila mgonjwa, na si kila mgonjwa hujijua. Geeske Haitsma alikuwa mgonjwa wa namna hiyo, katika bandari ndogo ya Harnzijl, kaskazini mwa Uholanzi.

Kiangazi kikiisha, matajiri wa mijini hufunika mashua zao kwa maturubai na kurudi majumbani. Harnzijl hubaki na mashua chache tu zinazotoa moshi. Waliomo ni watu wasio na nyumba nyingine, waliozoea kulala wakibembelezwa na maji. Kila Jumamosi alasiri watu hao hukusanyika katika banda la zamani la nyavu, wakapika supu ya njegere nzito hata kijiko husimama wima ndani yake. Hunywa, wakasimuliana bandari walizowahi kutia nanga, na kuongopeana kuhusu dhoruba. Baridi ya kule ni kama mdai asiye na haya. Humng'ang'ania zaidi aliye peke yake.

Geeske hakuwa akifika bandani. Zamani walifika wote wawili, yeye na mumewe Wiebren, na hapakuwa na kicheko kilichozidi cha Wiebren. Kisha ikaja Jumamosi moja ya Januari, Geeske yu kitandani na mafua, Wiebren akaenda peke yake. Jioni Geeske alisikia nyayo za mumewe zikirudi juu ya sitaha, juu kabisa ya kichwa chake. Sitaha ilikuwa imeganda jalidi, inateleza kama mlenda. Hatua moja, ya pili, kishindo, kisha kimya. Walipomtoa majini hakuwa tena wa dunia hii.

Siku ya maziko Geeske alimkabili Rikus, msimamizi wa bandari na rafiki mkubwa wa marehemu.

"Mlimwachaje aje peke yake na sitaha zimeganda?"

Rikus aliinamisha kichwa. Geeske akalichukua hilo kuwa ungamo. Tangu hapo hakukanyaga banda la nyavu. Foekje, mke wa Rikus, alimpelekea bakuli la supu mara kadhaa, likarudi bila kuguswa, mpaka naye akakoma. Watu wakasema, "Tumwache apumzike." Wakamwacha kweli.

Majira mawili ya baridi yalipita hivyo. Novemba iliyofuata, alasiri moja ya upepo mkali, Rikus alikuja gatini akikokota kamba, na nyuma yake mashua ndogo ya mbao iliyochakaa, tanga lake limechanika na injini haina uhai. Usukani ulishikwa na mwanamke mpana wa mabega, nywele nyekundu zimemganda usoni.

"Shemeji," aliita Rikus, "nimekuletea mgeni."

"Nilikuagiza?"

"Hukuniagiza. Ameletwa na upepo. Gati limejaa maboti ya watu wa mjini. Hana pa kufunga ila ubavuni kwako."

"Akifunga ubavuni kwangu, atafikaje nchi kavu?"

"Atapita juu ya sitaha yako. Ndiyo desturi, shemeji. Wiebren mwenyewe..."

"Usimtaje!"

Mwanamke wa usukani akadakia, "Bi mkubwa, mimi ni mwepesi. Nikipita utadhani paka."

Geeske alimtazama toka utosini hadi kwenye mabuti. "Paka wa kilo ngapi?"

Mgeni aliangua kicheko katikati ya upepo ule, na Rikus akajificha uso kwa mkono. Geeske hakucheka. Hata hivyo, mtu wa maji hamfukuzi mwenzake mbele ya dhoruba. Hata chuki ina mipaka yake. Akapokea kamba.

"Atapita mbele, omoni," alisema. "Nyuma asikanyage, na mlango wangu asiuguse."

Mgeni huyo aliitwa Dervla, Mwairishi wa Galway, aliyekuwa mpishi katika meli za uvuvi. Alikuwa njiani kurudi kwao kabla injini haijamsaliti, na kipuri alichoagiza kilikuwa kinasuasua huko kilikotoka. Siku zikawa wiki. Dervla aliizoea bandari kama aliyezaliwa pale. Jumamosi alikuwa wa kwanza bandani, akikata vitunguu, akiwatania wazee, akiimba kwa sauti ya kupasua vioo.

Lakini kila alipokwenda na kila aliporudi, mabuti yake yalilia juu ya kichwa cha Geeske. Mwenye mashua angekuwa anashona, au anamenya viazi, na hatua ya kwanza ingegonga, kazi ikasimama. Hatua ya pili, akainua macho darini. Kisha angesubiri kishindo. Kishindo hakikuja, lakini kusubiri kwenyewe kulimla kama mchwa alavyo nguzo. Siku moja alishindwa, akapanda ngazi mbio.

"Mguu wako usikanyage tena sitaha yangu! Una kidau, una makasia. Zunguka!"

Dervla alisimama na mkate kwapani. "Nimekukosea nini, Bi Geeske?"

"Umenikosea kwa kutembea!"

Dervla akavuka, akarudi chomboni mwake. Jumamosi ile alimuuliza Foekje kulikoni, na Foekje akamweleza habari za Wiebren. Tangu siku hiyo Dervla alipiga makasia kuizunguka bandari nzima, mvua inyeshe isinyeshe, na hakulalamika kwa mtu.

Baada ya Krismasi baridi ilikaza. Bandari ikashika barafu ya karaha: nyembamba mno kumbeba mtu, nene mno kupitisha kidau. Geeske mwanzoni alifurahia kimya kilichotanda. Siku ya pili kimya kile kikaanza kumwasha. Aliangalia dirishani, akaona bomba la moshi la jirani limevaa theluji kama kofia. Moto haukuwa umewashwa humo. Alijishughulisha na vyombo, akaangalia tena. Mwishowe alitupa kitambaa, akatoka.

"We bibie! U hai?"

Mlango wa mashua ya pili ulifunguka kidogo. "Ni hai, bi mkubwa. Nimevaa kila nguo niliyo nayo, nimekuwa kama kabichi."

"Mbona huwashi jiko?"

"Kuni zimeisha."

"Na chakula?"

"Ipo haradali."

"Haradali na nini?"

"Haradali na kijiko."

Geeske alikaza midomo ili isimsaliti. "Kwa nini hukupita ukanunue mahitaji?"

"Ulinikataza."

"Hata ukiganda? Una kichaa wewe?"

Dervla aliufungua mlango wote. Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Foekje alinieleza, Bi Geeske. Nisingetaka uzisikie tena zile nyayo kupitia miguu yangu."

Geeske alitaka kukasirika. Aliitafuta hasira mahali alipozoea kuiweka, asiione. Mgeni huyu, asiyemdai chochote, alikuwa tayari kufa njaa hatua tatu kutoka kwenye chungu chake ili amlinde na sauti ya mabuti. Machozi yalimtoka na upepo ukayagandisha mashavuni.

"Pita," alisema. Kisha, kama aliyeogopa kubadili nia, akaongeza upesi, "Usipite tu. Ingia ndani, ule."

Dervla alikula bakuli tatu. Geeske, ambaye hakuwa amemhadithia mtu, alimhadithia kuhusu Wiebren: jinsi alivyoichora mashua ile kwa chaki sakafuni kabla ya kuiunda, jinsi alivyochezea wembe akinyoa huku mawimbi yakiyumbisha chombo. Dervla alisikiliza bila kutia neno la kufariji, na hilo ndilo lililomfariji Geeske.

"Tufanye hivi," Dervla alisema alipokuwa akivaa mabuti. "Kabla sijakanyaga nitapiga hodi, ujue ni mimi, si mwingine. Nawe uniitikie, nijue hujakasirika."

"Na nikiwa nimekasirika?"

"Niitikie hata kwa matusi. Mradi niisikie sauti yako."

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi Dervla alisimama ukingoni, akaita, "Hodi, Bi Geeske!" Sauti ingepanda kutoka chini, "Pita, kabichi wee!" Nyayo zikapoteza makali yake kidogo kidogo. Kuna asubuhi Geeske alijikuta amekaa na kikombe mkononi akiisubiri ile hodi, na akajionea haya.

Mwishoni mwa Januari uliingia upepo wa mashariki, baridi yake ikipenya hata katikati ya mshono wa glavu. Geeske alijaza makaa jikoni mpaka juu. Hewa ya nje iliponyemelea kwenye matundu ya sitaha, aliyaziba kwa matambara, yote. Bomba la moshi nalo halikuwa limesuguliwa tangu Wiebren afariki, kwa kuwa hiyo ilikuwa kazi yake. Sumu ya makaa haina rangi wala harufu. Huingia kama usingizi. Geeske aliumwa kichwa tangu jioni, akadhani ni baridi. Asubuhi aliamka, akavaa, akakaa mezani ili kunywa chai, na hapo mezani miguu ikamkataa.

Hakuogopa. Aliona kila kitu ni cha mbali na chepesi. Birika lilikuwa mbali, mikono yake ilikuwa mbali.

"Hodi, Bi Geeske!"

Alisikia vizuri kabisa. Alitaka kujibu. Ulimi ulilala kinywani kama kipande cha gogo.

"Hodi! Leo umenuna?"

Mabuti yalianza kutembea. Hatua moja, ya pili, ya tatu, yakielekea gatini. Geeske aliyafuata kwa masikio, na kwa mara ya kwanza tangu mumewe afe, akaziomba nyayo zile zisiende. Zikasimama. Zilisimama muda mrefu. Kisha zikageuka, na hazikurudi omoni. Zilikuja nyuma, kule zilikokatazwa, zikija mbio. Mlango uligongwa, ukasukumwa, ukapigwa teke. Mbao zikapasuka na hewa ya baridi ikaporomoka ngazini kama maji ya bwawa.

Dervla alimkamata kwapani, akamburura ngazini huku Geeske akikohoa na kutapika, na hakumwachia mpaka walipoanguka wote wawili kwenye theluji ya sitaha. Hapo akapiga ukelele ulioamsha bandari yote. Rikus alikuja akikimbia na fulana tu mwilini. Yeye na Foekje walimfunga Geeske kwa mablanketi, wakampiga makofi mashavuni, wakimwita jina mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Daktari hakuficha kitu. Alisema kwamba lau angeachwa mpaka saa ya chakula, wangekuja kuchukua maiti.

Kesho yake Rikus alisimama mlangoni mwa chumba cha hospitali, kofia mikononi, hathubutu kuingia.

"Shemeji," alisema, "siku ile nilimfuata Wiebren hadi nje. Nilimshika mkono, akanisukuma. Akasema, 'Mimi si mtoto.' Ningemfuata tu. Kila siku najiambia, ningemfuata tu."

Geeske alimtazama. Aliona jinsi mtu huyu alivyozeeka, na yeye hakuwa ameona, ingawa walipishana gatini kila siku.

"Wiebren hakuwa mtu wa kushikwa mkono," alisema. "Nilijua tangu siku ya maziko. Nilitaka mtu wa kumkasirikia, Rikus, na wewe ulikuwa karibu. Ingia, ukae."

Rikus aliketi, akalia kwa sauti, mzee mzima, na Geeske akamwacha alie.

Jumamosi iliyofuata banda zima la nyavu liligeuka mlango ulipofunguka. Geeske aliingia taratibu, akiegemea mkono wa Foekje. Dervla akapiga kelele kutoka kwenye sufuria, "Mpisheni huyo, na mumpe bakuli kubwa! Mimi nimeshakula vyake vya kutosha."

Watu walicheka, wengine huku wakifuta macho. Foekje ndiye aliyesema lililokuwa moyoni mwa wote. "Geeske, sisi ni wenyeji wenzako. Tulikuona kila siku, tukasema tunakuheshimu, kumbe tunakutelekeza. Huyu hata si wa kwetu, ndiye aliyekugongea mlango."

"Msinisifu mimi," Dervla alijibu. "Asingenifungulia njia, ningekuwa nimejilalia ubavuni kwake siku ile, sijui wala sisikii."

Machi kipuri kilifika, na Dervla akafungua kamba. Geeske alisimama gatini hadi tanga lile lenye viraka lilipomezwa na ukungu, na uchungu wa kumuaga ulikuwa mkali, kama ulivyo uchungu wote wa walio hai. Kisha Foekje akamshika mkono, wakarudi pamoja bandani. Geeske alimwita mgeni kwa huruma, akidhani kwamba yeye ndiye mwenye kuokoa na yule mwenye njaa ndiye mwenye kuokolewa. Kumbe pumzi yake mwenyewe, na wenzake aliokuwa amewazika wangali hai, alirudishiwa na miguu ile ile aliyoikataza. Hakika wahenga walinena, na Harnzijl ni shahidi: mgeni njoo, mwenyeji apone.