Sultani Mundhir na Daraja la Bondeni

Hapo zamani, garimoshi lilipokuwa jambo geni hata wazee wakilivulia kofia likipita, palikuwa na Sultani aitwaye Mundhir, mtawala wa mji wa Kitovuni. Reli yake ilitoka Kitovuni, ikavuka mto kwa daraja la chuma, ikaishia Bondeni kwa wakulima wa mpunga. Basi daraja lile likaanza kuliwa na kutu, ikawa abiria huvuka huku wakipiga shahada. Mafundi wakasema, "Halina budi kufungwa juma zima, ama siku moja litatutia mtoni sote."

Sultani akamwita Waziri Nasibu. Waziri akajibu pasi na wasiwasi, kwani jawabu alilirithi kwa babaye: "Maulana, kazi za reli huanza Ijumaa. Ijumaa hakuna asafiriye."

Naam, zamani ilikuwa hivyo. Lakini Sultani mwenyewe alikwisha kulihamishia baraza lake siku ya Ijumaa, na baada ya baraza watu hulishwa pilau. Waziri pilau aliiona kila juma, watu hakuwaona.

Daraja likafungwa Ijumaa, na stesheni ikafurika watu, mbuzi na matenga ya kuku. Kelele zikafika jumbani, daraja likafunguliwa hata msumari haujang'olewa. Waziri akajaribu Jumatatu, akatukanwa. Akajaribu Jumatano, akatupiwa maganda ya ndizi. Na kwa kuwa hata waliokuja kulitazama garimoshi tu nao walikuwa wakilalamika, Sultani akachoka, akatoa amri ibandikwe ukutani: "Asiye na tiketi si abiria, na malalamiko yake hayasikizwi."

Basi palikuwa na fukara mmoja, jina lake Mwinyikondo, ashindaye kwenye benchi la stesheni kwa kukosa pengine pa kushinda. Alipomwona Waziri akijipangusa maganda, alicheka hata askari wakamkamata na kumpeleka kwa Sultani.

"Wacheka nini, ewe Mwinyikondo?"

"Namcheka Waziri wako, Maulana. Atafuta siku tupu. Siku hazipandi garimoshi. Wapandao ni watu."

Sultani akakunja uso. "Kama wajua zaidi, kazi ni yako. Daraja lifungwe juma zima, na asilalamike abiria hata mmoja. Akilalamika mmoja, utatoka katika nchi yangu usirudi tena."

Mwinyikondo akaingiwa na hofu kweli, kwani mkewe, Bi Mize, alikuwa mjamzito, naye hakuwa na nchi nyingine ya kumpeleka. Akarudi stesheni, akawauliza wasafiri wanakwenda kufanya nini.

Bibi mmoja wa Bondeni, aliyeshuka garini, akamwambia, "Naenda kwa Sultani, mwanangu. Jirani kaula mpaka wangu."

Kijana akasema, "Kwa Sultani, mzee wangu. Kuna pilau."

Na mpishi wa Kitovuni, aliyekuwa akienda upande wa pili, akasema, "Nafuata mchele Bondeni. Pilau ya Sultani haijipiki."

Mwinyikondo akarudi jumbani, akainama. "Maulana, daraja ni lako. Likague kwanza kwa jicho lako. Uende na kadhi, wapishi na wapiga siwa, raia wakuone."

Sultani akapendezwa, kwani hakuna mfalme achukiaye kuonwa. Wakapanda wote, na Mwinyikondo pamoja nao, gari likavuka polepole, likafika Bondeni. Behewa la mwisho lilipotoka darajani tu, mafundi, waliokwisha kuagizwa na Mwinyikondo, wakaruka na nyundo zao, wakaanza kung'oa reli.

Ikawa watu wa Bondeni hawana haja ya kwenda Kitovuni, maana Sultani wao yu barazani pao. Na wa Kitovuni hawana haja ya kufuata mchele, maana walaji wamehama na sufuria zao. Bibi wa mpaka akahukumiwa haki yake huku amevaa ndara za nyumbani. Stesheni zote mbili zikawa kimya.

Aliyepiga kelele alikuwa mmoja. "Nimekwama!" akafoka Sultani. "Sina mto wangu wa kulalia, na mbu wa huku hawana adabu! Mimi ni abiria, nami nalalamika. Mwinyikondo, funga virago!"

Mwinyikondo akanyoosha mkono. "Tiketi yako, Maulana?"

Sultani akapapasa joho lake, juu na chini. Akamgeukia kadhi. Kadhi akatazama miguu yake, akasema, "Amri ni amri, Maulana." Sultani akanywea, wala hakutaja mbu tena.

Juma likaisha, daraja likawa imara. Siku ya kurudi, Sultani akaenda mwenyewe dirishani, akapanga foleni nyuma ya mwuza kuku, akakata tiketi. Akaketi, akangoja, kisha akaipunga juu kwa furaha. "Sasa mimi ni abiria! Gari limechelewa kuondoka, nami nalalamika. Wasemaje, Mwinyikondo?"

"Ni kweli, Maulana, limechelewa. Lilikuwa likimngoja abiria mmoja aliyekuwa kwenye foleni."

Sultani akacheka hata kilemba kikamdondoka. Akamwondolea Mwinyikondo adhabu, akampa kanzu mpya na kazi ya kupanga lini reli ifungwe. Naye Bi Mize akajifungua mtoto wa kiume nchini mwake, kitandani mwake, na Waziri Nasibu ndiye aliyetumwa kupeleka pilau.